Kodi Iliyozidi ya Marehemu Ni Mirathi

Katika matanga ya Waswahili walioko Marekani, iwe ni Minneapolis, Dallas au Lowell, kuna swali ambalo huja kuchelewa, baada ya mwili kusafirishwa nyumbani na mchango kufungwa. Mtu anauliza: haya mambo ya kodi ya marehemu tuyafanyeje? Mara nyingi jibu hutoka kwa mkubwa wa kikao, kwa upole na kwa nia njema. Anasema yasiguswe. Mwenye kodi amekufa na kodi imekufa naye. Kama kulikuwa na pesa anayoidai serikali, basi serikali na ibaki nayo, kwa maana atakayeifuata naye atafuatwa. Wengi huafiki, kikao kikaendelea na mambo mengine.

Maoni hayo yamerudiwa mara nyingi hata yamekuwa kama sheria. Nayapinga. Nayapinga kwa sababu wanaoumia kwa ushauri huo si waliokaa kwenye kikao. Ni watoto wa marehemu, ambao mara nyingi wako darasani Nakuru au Mbeya, na hakuna aliyewauliza lolote.

Kuna maoni mengine yanayoonekana kwenda kinyume na hayo, nayo pia yameenea: kwamba hundi ya kodi ikifika yenyewe kwenye sanduku la barua, basi ni ya aliyeipokea, au ya kaka mkubwa, au ya aliyegharimia mazishi. Huku watu wanasema usiiguse, huku wanasema ichukue aliye karibu. Lakini mawazo yote mawili yamezaliwa na kosa moja. Yanaichukulia pesa hiyo kuwa ya serikali, kitu ambacho serikali inaweza kukitoa au kukizuia ipendavyo. Ukiamini hivyo, utaiacha kwa woga au utaila kama bahati. Ukweli ni kwamba ni mshahara wa marehemu. Aliutolea jasho, ukakatwa kupita kiasi kilichostahili, na ziada ikabaki kwa mtu mwingine. Kwa hiyo ina hadhi ileile ya shamba lake, gari lake na akiba yake benki: ni mali iliyoachwa, yenye warithi na yenye utaratibu.

Ni haki kwanza kueleza woga huo ulikotoka, maana wanaouamini si watu wajinga. Wengi wetu tulikulia mahali ambapo kuidai serikali pesa ni kujitafutia foleni isiyo na mwisho. Wapo pia ndugu wasio na karatasi kamili za kuishi Marekani, ambao kwao kuandika jina kwenye fomu yoyote ya serikali ni jambo la kuogofya. Na katika mila zetu kuna heshima ya kutoharakia vitu vya mtu ambaye udongo wake haujakauka. Haya yote nayaelewa. Lakini heshima ya kutoharakia ni kitu kimoja, na kuacha mali ipotee moja kwa moja ni kitu kingine.

Tuangalie pesa hiyo inatoka wapi, kwa kuwa hapo ndipo hoja nzima inaposimama. Mwajiri wa Marekani hukata kodi ya mapato kila mshahara kwa kukadiria kwamba mfanyakazi atapata mshahara wa kiwango hicho mwaka mzima. Kodi yenyewe, hata hivyo, hupigwa kwa mapato ya mwaka, na viwango vyake hupanda kadiri mapato yanavyopanda. Mtu akifariki katikati ya mwaka, makadirio yale yanakuwa hayana msingi tena. Alikatwa kodi kama mtu wa miezi 12, kumbe mapato yake ni ya miezi mitatu au minne. Na sheria inaongeza jambo ambalo watu wengi hawalijui: kile kiasi cha msingi kisichotozwa kodi hutolewa chote kwenye ritani ya mwisho ya marehemu, yaani fomu ya hesabu ya kodi ya mwaka, bila kupunguzwa kwa sababu ya miezi ambayo hakuiishi. Kwa mwaka 2024 kiasi hicho kilikuwa dola 14,600 kwa mtu asiye na mwenzi wa ndoa.

Chukua muuguzi asiyeolewa aliyekuwa akipata dola 8,000 kwa mwezi mwaka huo. Kwa makadirio ya mwaka mzima, yaani dola 96,000, kodi yake ya serikali kuu ingekuwa karibu dola 12,960, na mwajiri angemkata kama dola 1,080 kila mwezi. Akifariki mwisho wa Machi, amekwisha kukatwa kama dola 3,240. Lakini mapato yake halisi ni dola 24,000. Toa 14,600, zinabaki 9,400, na hizo zote zinaangukia kwenye kiwango cha chini cha asilimia 10. Kodi aliyostahili kulipa ni dola 940. Dola 2,300 zilizobaki ni zake. Sasa chukua mhudumu wa wazee aliyekuwa akipata dola 4,000 kwa mwezi na akafariki mwezi huohuo. Mapato yake, dola 12,000, hayafiki hata kile kiasi cha msingi. Hakupaswa kulipa kodi ya mapato hata senti moja, na zile dola 900 na zaidi alizokatwa zinatakiwa kurudi zote.

Michango ya Social Security na Medicare hairudi kwa njia hii. Ile ni asilimia 7.65 ya mshahara na inakwenda kwenye mifuko mingine. Jimbo nalo lina hesabu yake. Texas haitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi, kwa hiyo hakuna cha kudai huko. Minnesota inatoza, nayo ina fomu yake ya kudai rejesho la marehemu, iitwayo M23. Massachusetts inayo ya kwake, M-1310. Familia iliyoshughulikia serikali kuu peke yake imefanya nusu ya kazi.

Wanaosema kwamba serikali ingerudisha pesa hiyo yenyewe kama kweli ingekuwa ya marehemu hawajui mfumo unavyofanya kazi. IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, haijui hesabu ya mwisho ya mtu mpaka mtu aijaze. Marehemu hawezi kujaza. Ritani yake ya mwisho, inayohesabu mapato tangu tarehe 1 Januari hadi siku aliyofariki, inapaswa kujazwa na aliyebaki: mume au mke, msimamizi wa mirathi, au anayeshughulikia mali zake. Siku ya mwisho ni ileile ya walio hai, tarehe 15 Aprili ya mwaka unaofuata. Juu ya ritani huandikwa kwamba mwenye jina amefariki, pamoja na tarehe ya kifo. Hakuna ajabu yoyote katika jambo hilo. Ofisi ile hupokea ritani za marehemu kila mwaka, na imechapisha kitabu kizima, namba 559, cha kuwaongoza waliofiwa na wasimamizi wa mirathi.

Jambo moja dogo huwachanganya watu hapa. Mshahara wa mwisho, uliolipwa baada ya kifo, hauingii kwenye ritani hiyo. Ni mapato ya mirathi au ya mrithi aliyeupokea, na hesabu yake ni nyingine. Anayechanganya hivi viwili hupata hesabu isiyolingana na karatasi za mwajiri, na rejesho hukwama.

Sasa nije kwenye tishio kubwa zaidi linalotolewa katika vikao: kwamba ukiidai pesa hiyo utafungua mlango wa madeni. Marehemu huenda alikuwa na deni la kodi la miaka ya nyuma, huenda alichelewesha matunzo ya mtoto, huenda alikuwa na kadi za benki ambazo hakuna aliyezijua. Kwa nini tuamshe yaliyolala?

Nalichukulia swali hili kwa uzito, kwa sababu lina chembe ya kweli. Ikiwa marehemu alidaiwa kodi au matunzo ya mtoto, hazina ya serikali inaweza kukata deni hilo kwenye rejesho kabla ya kulituma. Lakini angalia kinachotokea hapo: deni la marehemu limelipwa kwa pesa ya marehemu. Kuna familia gani isiyotaka hilo? Tunaposimama makaburini na kutangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze, tunakuwa tumekubali mbele ya watu kwamba deni la maiti hulipwa kwanza. Haiwezekani jambo hilo liwe wajibu makaburini, kisha liwe hatari tukifika Minneapolis.

Na kinachoogopwa zaidi, kwamba deni litawahamia waliobaki, kwa kawaida hakipo. Deni la marehemu hulipwa na mali ya marehemu, na mali ikiisha, ndugu yake halipi kwa sababu tu ni ndugu. Mwenzi wa ndoa aliyejaza naye ritani ya pamoja hujibu kwa kodi ya ritani hiyo, ni kweli, kwa maana aliitia saini. Lakini hata yeye ana kinga: rejesho la pamoja likikatwa kwa deni ambalo lilikuwa la mwenzake peke yake, anaweza kudai sehemu yake kwa fomu 8379. Anayejitia hatarini hasa ni yule anayegawa mali ya marehemu huku akijua kuna deni la serikali ambalo halijalipwa, kisha mali ikaisha. Huyo sheria ya serikali kuu inaweza kumfanya alipe kutoka mfukoni mwake. Kwa hiyo hatari iko kwenye kugawa ovyo. Kudai kwa utaratibu hakumtii mtu hatarini.

Wengine huogopa kodi ya mirathi yenyewe. Kodi ya serikali kuu kwa mali iliyoachwa mwaka 2024 ilianza pale mali ilipozidi dola milioni 13.61. Muuguzi wetu hayumo. Na rejesho la kodi ya serikali kuu likimfikia mrithi halihesabiwi kuwa mapato yake.

Linalobaki ni swali la nani atie saini, na hapa ndipo maoni yaliyozoeleka yanapofanya madhara makubwa kuliko yale ya kuiacha pesa. Nitakaa hapa zaidi.

Kwa mjane au mgane njia ni fupi. Sheria inamruhusu kujaza ritani ya pamoja na marehemu kwa mwaka ule wa kifo, alimradi hajaolewa au kuoa tena kabla mwaka haujaisha. Anatia saini kama mwenzi aliyebaki, na rejesho linakuja. Hahitaji fomu nyingine. Isipokuwa hundi ikija ikiwa na majina mawili, lake na la marehemu, na benki ikaikataa. Hapo anairudisha IRS pamoja na fomu 1310, ile ya kudai rejesho la marehemu, ili atolewe malipo mengine kwa jina lake peke yake. Msimamizi aliyeteuliwa na mahakama naye anaambatisha cheti cha mahakama kwenye ritani, basi.

Ugumu unaanza pale ambapo hakuna mwenzi wala msimamizi. Marehemu alikuwa peke yake Marekani, ana watoto nyumbani, na aliye karibu ni mdogo wake au binamu yake anayeishi jimbo jingine. Huyo ndiye anayejaza fomu 1310 kama mtu mwingine anayedai. Fomu ni ukurasa mmoja. Inauliza kama marehemu aliacha wosia, na kama mahakama imeteua msimamizi au itateua. Ikiwa jibu la swali la msimamizi ni ndiyo, basi anayedai lazima awe huyo msimamizi. Kisha linakuja swali ambalo naona ndilo moyo wa jambo zima: je, wewe unayedai utailipa pesa hii kwa kufuata sheria za jimbo ambalo marehemu alikuwa mkazi wake? Ukijibu hapana, hupewi pesa mpaka ulete cheti cha mahakama au ushahidi mwingine kwamba una haki nayo. Ukijibu ndiyo, umetoa ahadi chini ya tamko lenye adhabu ya kusema uongo.

Lisomeni swali hilo polepole. Halisemi utailipa kama kikao kilivyoamua. Halisemi utaipeleka kwa mkubwa wa ukoo, wala kwamba utajilipa nauli uliyotumia kwenda msibani na kubaki na kilichosalia. Linasema sheria za jimbo. Mdogo wa marehemu anapotia saini anageuka kuwa mchukuzi wa mali ya watu wengine, na watu hao sheria inawataja.

Ni akina nani? Chukua Minnesota. Mtu akifariki bila wosia, bila mwenzi wa ndoa, mali inayobaki baada ya gharama za mazishi na madeni ni ya watoto wake, kwa usawa, wa kike na wa kiume. Wazazi wanarithi ikiwa hakuna mtoto wala mjukuu. Ndugu wanarithi ikiwa hata wazazi hawapo. Hivyo mdogo wa marehemu aliyejaza fomu na kupokea dola 2,300 hana hata dola moja ya urithi ndani yake ikiwa kuna mtoto Nakuru. Umbali haumwondolei mtoto haki. Kutokuwa raia wa Marekani hakumwondolei. Kuzaliwa nje ya ndoa hakumwondolei, ubaba au umama ukithibitika.

Najua hapa baadhi ya wasomaji watakunja uso. Watasema: sheria ya Minnesota haitujui. Kwetu mama mzazi hawezi kutoka mikono mitupu. Muislamu naye atasema kwamba mirathi imekwisha kugawanywa na Mwenyezi Mungu, mama ana sudusi yake watoto wakiwapo, mtoto wa kiume ana mafungu mawili ya mtoto wa kike, na hakuna bunge la jimbo la kubadilisha hilo. Sitaki kuwafanya watu hawa waonekane wazito wa kuelewa. Wanalinda kitu cha thamani. Lakini wana njia mbili zilizo wazi ambazo hazihitaji kuvunja ahadi ya kwenye fomu. Ya kwanza ni wosia. Sheria za majimbo ya Marekani zinampa mtu uhuru mpana wa kusema mali yake iende wapi, na Muislamu anayeishi huko anaweza kuandika wosia unaofuata mafungu ya dini yake, ukashuhudiwa kama jimbo linavyotaka. Asiyeandika ameliachia jimbo limwandikie. Ya pili ni ridhaa ya warithi wenyewe: mtoto mtu mzima anaweza kumpa bibi yake sehemu ya kilicho chake. Mtoto mdogo hawezi kutoa ridhaa hiyo, na hakuna mjomba anayeweza kuitoa kwa niaba yake kwenye kikao. Dini zetu zote mbili kubwa zimeonya kwa ukali kuhusu mali ya yatima. Hiyo hundi inayozungumzwa kikaoni kama pesa ya kumalizia madeni ya bufee na mahema, mara nyingi ndiyo mali ya yatima yenyewe.

Hapa pia kuna imani tatu za karatasi ambazo zimewapotezea watu muda mwingi. Ya kwanza ni kwamba hati ya uwakilishi aliyoiandika marehemu akiwa mgonjwa bado inafanya kazi. Haifanyi. Uwakilishi wa namna hiyo unakoma anapokoma kupumua aliyeutoa, na IRS haiikubali kama uteuzi wa msimamizi. Ya pili ni kwamba nakala ya wosia inatosha. Haitoshi, kwani mtu aliyetajwa kwenye wosia hajawa msimamizi mpaka mahakama imthibitishe. Ya tatu ndiyo inayozusha ugomvi mkubwa: kwamba aliyeandikwa kwenye bima ya maisha au kwenye akaunti ya pensheni ndiye mwenye kila kitu. Bima na pensheni hulipwa kwa aliyetajwa, nje kabisa ya mirathi. Rejesho la kodi halina mahali pa kutaja mtu. Linaingia kwenye mirathi, na aliyepata bima yote anaweza asipate chochote hapa.

Wakenya hawana sababu ya kuona hili kuwa geni. Kwao nyumbani fedha za sako na za mifuko ya pensheni hulipwa kwa waliotajwa, huku mali nyingine zikifuata Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka 1981. Kifungu cha 45 cha sheria hiyo kinakataza mtu kuingilia mali ya marehemu bila mamlaka, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Tanzania nako, kikao cha ukoo hupendekeza jina tu. Mahakama ndiyo humteua msimamizi wa mirathi, na msimamizi huyo anatakiwa kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni, kisha hesabu ya alivyogawa. Tunajua vizuri kabisa kwamba msimamizi si mmiliki. Tunalisahau tukivuka bahari.

Kuna jambo ambalo hufanywa kwa haraka na bila kufikiria ubaya wake: hundi ya marehemu inafika, mtu anaandika nyuma yake saini inayofanana na ya marehemu, anaipiga picha kwa simu na kuiweka benki. Au anatumia namba ya siri ya akaunti ya marehemu ambayo haijafungwa. Wengi wanaofanya hivyo wanaona ni kurahisisha mambo. Kisheria saini hiyo ni kughushi, na kwa asiye raia kosa la namna hiyo linaweza kugusa hata haki yake ya kuishi Marekani. Yule anayeogopa fomu 1310 kwa sababu ya karatasi zake anapaswa kuogopa saini ya kughushi mara kumi zaidi. Kwake lililo salama ni kumwachia kazi hiyo mrithi au ndugu mwingine aliye na namba ya Social Security, ambayo fomu inaiuliza, au kuiomba mahakama ya jimbo iteue msimamizi.

Najibu pia wanaosema kwamba fedha yenyewe ni kidogo na wakili atakula yote. Mahali ambapo marehemu ameacha mali ndogo, wakili kwa kawaida si lazima. Majimbo mengi yana njia ya kiapo kwa mirathi midogo. Minnesota inairuhusu kwa mali isiyozidi dola 75,000, siku 30 zikiwa zimepita tangu kifo, na kiapo hicho ndicho familia hukitumia benki na kwa mwajiri. Kwa IRS kiapo hicho hakichukui nafasi ya uteuzi wa mahakama, lakini kwa kuwa hakuna msimamizi, fomu 1310 inatosha. Cheti cha kifo hakiambatishwi. Anayedai anakitunza aweze kukitoa akiulizwa. Kazi yote ni W-2 za mwaka ule, yaani karatasi za mwajiri zinazoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa, ritani moja ya serikali kuu, moja ya jimbo, na ukurasa mmoja wa madai.

Na kuhusu udogo, waulizwe wanaolipa karo. Dola 2,300 kwa mtoto wa shule ya sekondari Kenya au Tanzania si kidogo. Sisi tunaopitisha bakuli la mchango kwa dola 20 na dola 50 za wafanyakazi wa zamu za usiku, tuna haki gani ya kuidharau pesa ambayo marehemu mwenyewe aliitafuta? Nimeona mara nyingi zaidi ya nilivyopenda jamii ikichangishana upya kwa ajili ya watoto, huku pesa ya baba yao ikiwa bado iko Washington, haijaombwa. Hilo linanisikitisha kuliko hata ulafi wa anayeila hundi, kwa sababu mla hundi anaweza kudaiwa, lakini muda ukipita hakuna wa kudaiwa.

Muda wenyewe una mwisho. Kwa ritani ambayo haikujazwa, rejesho hudaiwa ndani ya miaka mitatu tangu siku ya mwisho ya kujaza. Baada ya hapo linabaki kwenye hazina ya serikali kwa haki ya kisheria, na hakuna msiba unaokubaliwa kuwa udhuru. IRS yenyewe ilitangaza kwamba marejesho ya mwaka wa kodi 2021 ambayo yalikuwa hayajadaiwa, ya walio hai na waliokufa, yalizidi dola bilioni moja ilipokaribia siku ya mwisho, tarehe 15 Aprili 2025. Familia iliyompoteza mtu wake mwaka 2023, na ambayo haijagusa kodi yake, ina hadi tarehe 15 Aprili 2027. Mwajiri wake wa mwisho ndiye wa kuombwa W-2 kwanza. Akiwa amefunga biashara au hajibu, takwimu zilezile ziko IRS, na msimamizi wa mirathi anaweza kuziomba huko kwa maandishi akiambatisha cheti cha kifo na cha uteuzi wake.